Orodha Aliyoniandikisha Mke Wangu

Faili lenyewe ni dogo. Picha moja ya simu, hata ile mbaya ya mbuzi aliyegeuza kichwa, ni nzito kuliko faili hilo mara nyingi sana. Nimelihifadhi mahali pengi: kwenye simu yangu, kwenye flashi mbili, na kwenye kompyuta ya mama mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na hospitali, mjini Arua. Siku nyingine nalifungua bila haja yoyote, nakaa nikilitazama.

Ndani yake mna watu wa mke wangu. Yeye mwenyewe alishatangulia.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, na elimu hiyo ilinitosha kuwa karani wa masjala katika ofisi moja pale Arua kwa miaka karibu thelathini. Kazi yangu ilikuwa kuweka majalada kwenye rafu kwa alfabeti na kuyapata yakitakiwa. Niliifanya vizuri. Wakubwa walikuja na kwenda, lakini jalada likipotea niliitwa mimi. Nataja hili mapema kwa sababu kosa langu lilitoka palepale kwenye sifa yangu.

Nilipostaafu, binti yetu alituletea laptopu kutoka Kampala. Ilikuwa na programu ya kuandikia kumbukumbu, na programu hiyo ilinishangaza kuliko vitu vyote vilivyokuwamo. Kila mstari ulikuwa na nukta mbele yake. Ukitaka, mstari unausukuma ndani ya ule wa juu yake, na ndani ya huo unasukuma mwingine, hadi uchoke. Ukigusa nukta, vyote vilivyo ndani vinajificha. Ukiigusa tena vinatoka, kila kimoja mahali pake. Masjala nzima ya ujana wangu haikuweza jambo hilo. Jalada letu lilikuwa kando ya jalada jingine, basi.

Mke wangu alisimama nyuma yangu siku hiyo, akatazama nikifungua na kufunga. Akaniambia hicho ndicho kitu alichokuwa akikitafuta.

Yeye alikuwa mtu wa Abuku, kule Koboko, mtoto wa askari. Kwao ni Waislamu. Nilipomwoa alikuja kanisani kwangu, kaka yake mkubwa akabaki msikitini kwake, wala hilo halikuwatenganisha hata siku moja. Walitenganishwa na kitu kingine, nami ndiye niliyekileta.

Zamani, katika miaka ya ukimbizini ng'ambo ya mpaka, kabla sijamfahamu, baba yao alifariki upande mmoja na yeye alikuwa upande mwingine. Alikwenda sokoni kununua chumvi. Mwanamke aliyekuwa akimpimia akamwambia pole. Akauliza, pole ya nini? Kumbe soko zima lilishajua. Alinisimulia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara aliishia kwenye ile chumvi: kwamba aliilipia, akaibeba, akafika nayo nyumbani, ndipo akakaa chini.

Kwa watu wake, habari ya msiba ina njia yake. Inakwenda kwanza kwa mkubwa. Mkubwa anawaambia walio chini yake, nao wanawaambia wa kwao. Hakuna anayeambiwa na mtu aliye chini yake. Katika ukimbizi njia hizo zilivurugika, na watu waliporudi nyumbani, wengine hawakukumbuka tena nani anamwambia nani. Mke wangu alikumbuka. Alikuwa nayo yote kichwani, na aliogopa kichwa hicho kitazikwa pamoja naye.

Basi tuliandika. Jioni nyingi, yeye akipepeta simsim kwenye ungo, mimi na laptopu juu ya kigoda. Alikuwa akisema, "Huyu weka ndani ya huyu." Nami, kwa uvivu wa vidole, nikauliza kama hapana ubaya nikimweka kando.

"Si kando," akasema. "Ndani. Yeye ndiye wa kumwambia. Ukimweka kando, atasikia kwa upepo."

Chini ya baadhi ya majina aliniandikisha maelezo madogo, na programu ilikuwa na mahali pa kuyaweka, kwa maandishi ya kijivu. Huyu ana ugonjwa wa moyo, aambiwe akiwa amekaa. Huyu aambiwe asubuhi, mchana atakuwa ameshakunywa. Huyu akiambiwa mapema atafika na ngoma kabla ya sanduku. Tulicheka sana kwa huyo wa ngoma.

Wa kwanza kabisa, nje ya wote, aliyewabeba wengine wote ndani yake, alikuwa kaka yake wa Abuku. Nilibisha kidogo. Nilimwambia mzee yule hana simu, yuko mbali na lami, na ikitokea haraka tutapoteza siku nzima kumfikia yeye tu.

"Msiba wangu mimi wewe utakuwa umeshauona," akasema. "Yeye ndiye wa kuambiwa."

Nikaandika.

Ikapita miaka kadhaa. Kisha siku moja ile programu ikaleta ujumbe kwamba wenyewe wanaifunga, na kila mtu achukue maandishi yake aondoke. Walikuwa wameweka njia tatu za kutokea. Unaweza kuchukua maandishi matupu, au ukurasa wa kuchapa, au kitu kilichoitwa kwa herufi nne, OPML. Hizo herufi nne sikuzijua. Ningeweza kumuuliza binti yetu kwa simu. Lakini mtu aliyekaa masjala miaka thelathini haulizi jinsi ya kuhamisha orodha. Nilibonyeza zote tatu, moja baada ya nyingine, nikatia kwenye flashi. Ile ya herufi nne nilipojaribu kuifungua kwenye simu, simu ilikataa. Nikaona ni takataka, nikaiacha hukohuko kwenye flashi.

Nikachukua maandishi matupu, nikayabandika kwenye programu ya simu. Yalipotua, zile nafasi za mwanzo wa mistari zilikuwa zimemezwa. Watu wote walisimama kwenye ukingo mmoja wa kushoto, kama wanafunzi kwenye gwaride. Katikati yao yalitapakaa maneno yasiyo na jina: aambiwe akiwa amekaa, aambiwe asubuhi. Hayakuonyesha tena ni ya nani. Niliyaona machafu. Nilikaa alasiri nzima nikiyafuta, mstari kwa mstari, kwa makini sana. Kisha, kwa kuwa majina sasa yalikuwa hovyo, nikayapanga kwa alfabeti.

Nilihesabu majina. Yalitimia, hakuna hata moja lililopungua. Mke wangu akauliza kutoka jikoni kama yote yamefika.

"Yote," nikajibu.

Hakuwa na sababu ya kunitilia shaka. Hakuangalia, na mimi sikumwonyesha.

Aliugua siku chache tu. Alifariki alfajiri, na jua lilipopanda nilitoa simu nikaanza kupiga, kuanzia A. Nitasema ukweli: ndani ya huzuni ile nilisikia fahari kidogo, kwamba sisi tuna orodha. Jina la kaka yake linaanza na mojawapo ya herufi za mwisho. Nilimfikia jioni. Namba iliyokuwapo ilikuwa ya muuza duka wa njiani. Akaniambia atamfikishia. Nikatia alama, nikaenda kwenye jina linalofuata.

Wale niliowapigia siku ile, kila mmoja alijua desturi. Kwa kuwa habari haimpiti mkubwa, kila aliyeambiwa aliamini kwamba mkubwa ameshajua. Walipiga moyo konde wakaja Ombaci, kando ya mji wa Arua, nyumbani kwetu, wakamtafuta kwa macho. Walidhani yuko njiani. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kumpelekea habari ambayo, kwa desturi, ndiye aliyekuwa ameituma. Nami niliwaambia amepigiwa. Tulimngoja hadi alasiri siku ya pili, kisha tukazika.

Yeye aliambiwa siku iliyofuata, sokoni Koboko, na mpwa wake mdogo aliyekuwa akiuza kandambili. Kijana alimwambia pole. Akauliza, pole ya nini?

Baada ya mwezi nilipanda gari hadi Koboko, nikachukua pikipiki hadi Abuku. Nilichapisha orodha, nikaibeba kama ushahidi. Nilitaka aone kwamba jina lake lipo, kwamba hatukumsahau. Katika maisha yangu sijabeba kitu cha kijinga kuliko karatasi zile. Alimwita mke wa mwanawe asome. Yule mama akaanza A, akasoma polepole, na mzee akakaa akingojea jina lake. Alimsikia fundi cherehani. Alimsikia muuza baiskeli. Akamsikia mpwa wa kandambili. Jina lake lilipokuja, karatasi ilikuwa karibu kwisha.

Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kambini: "Hii, ni dada yangu alipanga?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilikuwa nimezika mwezi tu uliopita, nilikuwa nimechoka, niliogopa macho yake. Nilisema, "Ni orodha yake."

Akaikunja vizuri, akanirudishia. "Sawa, karani. Kumbe kwa dada yangu mimi iko nyuma ya mutu ya baiskeli. Mimi nimesikia."

Hakuniita shemeji, wala sikupewa maji. Kwa miaka sita tangu siku ile hakukanyaga kwetu, na hakuja kwenye misa ya kumwombea dada yake hata moja. Nilisikia kwa watu wa Koboko kwamba anasema dada yake alimsahau alipopata nyumba nzuri Arua. Nami nilijua kwamba si kweli, nikanyamaza. Nilimwachia marehemu lawama yangu, yeye asiye na mdomo wa kujitetea. Katika makosa yangu yote, hilo ndilo linaloniamsha.

Mwaka jana nilikwenda kwenye lile duka la kuchapa, nikiwa na barua iliyokuwa kwenye flashi ya zamani. Mama mwenye duka ni mtu mzima, mcheshi, amenizoea. Alipoifungua flashi aliona faili lenye jina la ajabu, akaniuliza hii ya OPML ni nini. Nikamwambia ni takataka, aifute.

"Mzee, mimi sifutagi kitu bila kuchungulia," akasema. "Hii iko na watu ndani."

Aligeuza kioo upande wangu. Alikuwa amelifungua kama maandishi ya kawaida, na lilisomeka. Nilidhani mle mna siri za mashine. Kumbe mlikuwa na herufi zilezile alizonifundisha mwalimu wa darasa la kwanza. Kila mstari ulianza na neno moja la Kiingereza lililojirudia, kisha jina la mtu kati ya alama za kunukuu, na pembeni ya jina, maelezo yake. Aambiwe akiwa amekaa, pembeni ya yule wa moyo. Ngoma, pembeni ya yule wa ngoma. Hakuna neno lililoachana na mtu wake.

Lakini kilichonifanya nishike ukingo wa meza ni namna mistari ilivyofungwa. Mama yule alinionyesha kwa ncha ya kalamu: kila mtu ana alama ya kumfungua na alama ya kumfunga. Mtu akifunguliwa, hafungwi mpaka walio ndani yake wote wafunguliwe na kufungwa. Mstari wa kaka mkubwa ulifunguliwa juu kabisa. Tukashuka, tukashuka, dada, mpwa wa kike aliye kijijini Inde, watoto wa mpwa, upande wa pili wa ukoo, kurasa mbili, tatu, na mzee yule bado yu wazi, anawangojea. Alama ya kumfunga tuliikuta mwisho kabisa, peke yake kwenye mstari wake. Hakulala mpaka wa mwisho alipoingia.

Kisha mama akafungua programu yake mwenyewe, ambayo anatumia kupangia kazi za dukani. Haikuwa ile yangu, haikufanana nayo hata rangi, na walioitengeneza labda hawajawahi kukutana na wale waliofunga ya kwangu. Akaiambia ipokee faili. Nilitarajia ikatae kama simu ilivyokataa. Ikatokea nukta moja. Akaigusa, na watu wa mke wangu wakatoka, huyu ndani ya huyu, vilevile kama siku za simsim.

Nilimuuliza inawezekanaje. Alinieleza anavyojua: kwamba huu ni mwandiko uliokubaliwa, hauna programu inayoumiliki, uliwekwa ili orodha ikihama nyumba moja kwenda nyingine isiache nyuma kilicho ndani yake. Alisema hayo huku akifuta vumbi kwenye printa, kama anayeeleza matumizi ya mfuniko. Mimi nilimfikiria mtu aliyeubuni mwandiko huo, huko aliko, aliyekaa chini kuwafikiria watu watakaoondoka kwenye nyumba yake. Hakuijua Abuku, hakuujua msiba wetu. Alijua tu kwamba siku moja mtu atahama, na kwamba kuhama kunavuruga nani yuko ndani ya nani. Mke wangu alijua hilo kwa kilo moja ya chumvi. Wawili hawa walielewana, na mimi niliyekuwa katikati yao ndiye nisiyeelewa.

Nikamwomba mama aguse ile nukta ya juu kabisa. Maelezo yakatokea, maneno ya mke wangu kwa vidole vyangu:

"Huyu kwanza kabla ya wote. Hana simu. Namba hii ni ya muuza duka mwenye mdomo, msipige. Mtu aende mpaka kwake. Akae. Anywe maji. Ndipo aseme. Asiambiwe sokoni."

Mama wa duka alisoma pamoja nami. Alichapisha kurasa zote, akazibana, akanipa kiti nikae kwanza.

Nilikwenda Abuku wiki hiyohiyo. Mzee amedhoofika, macho hayaoni mbali, lakini sauti yangu aliijua.

"Karani," akasema. "Leo umeleta alfabeti gani?"

Nilimwambia nimekuja kusema nilichopaswa kusema siku ile. Kwamba dada yake hakumpanga nyuma ya mtu. Kwamba mimi ndiye niliyeharibu orodha wakati wa kuihamisha, nikafuta maneno yake, nikawapanga watu kwa alfabeti, nikamwambia dada yake yote yamefika. Na kwamba yeye mzee aliponiuliza, nilimsingizia marehemu kwa woga.

"Huyo alfabeti," akasema, "iko mutu ya ukoo gani, mpaka anapita mbele yangu kwa msiba ya dada yangu?"

Mke wa mwanawe alicheka, kisha akajizuia. Nikatoa karatasi mpya, nikamwomba ruhusa, nikamsomea mwenyewe. Nilianza na jina lake, kwa kuwa ndilo lililoanza, kisha maelezo yake. Nilipofika mwisho aliinua mkono.

"Soma tena ile ya mwisho."

"Asiambiwe sokoni."

"Alisema yeye?"

"Alisema yeye. Mimi niliandika tu."

Alitazama chini. Na yeye aliijua chumvi ile. Wakati ule alikuwa upande uleule alikofia baba yao, na habari aliyomtumia dada yake ilifika baada ya soko. Hilo sikuwahi kulijua mpaka aliponiambia siku hiyo, kwa maneno machache, akitazama mikono yake.

Kisha akamgeukia mke wa mwanawe. "Leta maji kwa shemeji."

Maji yakaletwa kwenye kikombe cha bati. Nilitaka kuendelea kusoma, akanizuia.

"Kaa. Kunywa."

Nikanywa.

"Sasa sema."

Sikuelewa. Nilimuuliza niseme nini tena, nimeshasema yote.

"Hujasema," akajibu. "Mimi sijaambiwa bado. Umetoka Arua, umefika kwangu, umekaa, umekunywa maji. Sema."

Basi nilimwambia. Nilisema, "Shemeji, dada yako amefariki. Alifariki alfajiri, hakuteseka sana, nami nilikuwa nimemshika mkono." Nilisema hivyo kama ndiyo kwanza yametokea. Yeye aliinamisha kichwa, akasema maneno ya dini yake ya kumrudisha mtu kwa Mungu, akajipangusa uso kwa viganja viwili.

Alipomaliza akauliza kwenye orodha ndani yake yuko nani. Nilimwambia ni dada yake mdogo, yule wa nyumba iliyo nyuma ya mihogo. Nikaongeza kwamba huyo alikuwapo mazishini, nilimpigia mwenyewe.

"Wewe ulimpigia," akasema. "Mimi sikumwambia."

Akachukua fimbo yake. Nilinyanyuka nimsaidie njia, akaniambia nibaki na kikombe changu, hii si kazi ya karani. Akaenda polepole kando ya mihogo, akigonga ardhi kwa fimbo, akaingia uani kwa dada yake. Nilimwona akikaribishwa, akikaa. Niliona maji yakiletwa.

Kisha kilio cha mwanamke kilipanda, kifupi, cha kweli, kama cha mtu aliyekuwa amekishikilia miaka yote akingojea kuambiwa na mtu anayestahili.

Nikageuza karatasi nione ndani ya huyo dada anafuata nani. Nilikuwa bado natafuta mstari kwa kidole nilipoinua macho. Dada yule alikuwa ameshatoka uani, anajifunga kitenge kiunoni, anakwenda kwa mtu wake wa kumwambia.